Kuwakumbuka Mashujaa wa Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ifikapo Julai maswali haya huanza upya: vijiweni, madarasani, kwenye magrupu ya familia, na kwa watu waliofungua sanduku la marehemu babu wakakuta medali wasiyojua ni ya nini. Nimeyakusanya mahali pamoja. Mengi yanaihusu Tanzania, ila vita havikujali mipaka yetu, kwa hiyo Kenya, Zambia na hata Burma (Myanmar ya leo) zitatajwa. Soma lile unalolihitaji. Jibu likigusa swali jingine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Siku ya Mashujaa ni lini, na je, ni siku ya mapumziko?

Tanzania huiadhimisha tarehe 25 Julai kila mwaka. Si siku ya mapumziko. Ofisi hufunguliwa na masoko huendelea kama kawaida, ndiyo maana wengi hupitwa nayo hadi waione kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kenya wana Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Uganda wana yao tarehe 9 Juni, na huko kote watu hupumzika. Ya Tanzania ina sura ya kijeshi zaidi: ni siku ya waliokufa wakiilinda nchi, na ya wenzao waliorudi.

Watu husema "sherehe za mashujaa". Mimi hupendelea kusema kumbukumbu. Mama aliyezika mtoto wake hasherehekei siku ile.

Mbona viongozi huweka mkuki, ngao na shoka kwenye mnara badala ya maua?

Maua yapo, ila huwekwa na kiongozi wa mabalozi. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, meya wa jiji huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa askari waliopigana vita huweka shoka. Ninavyoitazama mimi, mpangilio huo unatamka jambo ambalo shada la maua lisingeweza kulitamka: waliopigania ardhi hii hawakuanza siku tulipopata bendera. Walikuwapo wenye mikuki kabla ya wenye bunduki.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, saa sita, huwashwa mwenge wa kumbukumbu, nao huzimwa saa sita ya usiku unaofuata. Katikati yake kuna gwaride, mizinga, tarumbeta ya maombolezo, dakika ya ukimya, na dua na sala za viongozi wa dini mbalimbali. Ukihudhuria, jambo moja tu linatakiwa kwako: tarumbeta ikilia, simama wima, nyamaza, weka simu mfukoni.

Mashujaa hao ni wa vita gani?

Watu wengi wakisikia "mashujaa" hufikiria Vita vya Kagera, na wana sababu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vilivyofuata viliifikisha Tanzania Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Walioipigana bado wako mitaani kwetu. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo amepita 65. Tena hawakuwa wanajeshi wa kudumu peke yao: mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT nao walikwenda, na mchango wa mgambo hasa hutajwa kwa uchache mno ukilinganisha na walichokifanya.

Lakini orodha ni ndefu kuliko Kagera. Wamo waliokufa katika kuisaidia Msumbiji, wamo walinda amani (tazama swali la Umoja wa Mataifa huko chini), na wamo wapiganaji wa kabla ya uhuru: Wahehe wa Mkwawa, wapiganaji wa Majimaji, na askari na wapagazi wa vita viwili vya dunia. Hao wa mwisho ndio wenye maswali mengi, kwa sababu hawakupigana chini ya bendera yao wenyewe.

Kwa nini nchi nyingine hukumbuka tarehe 11 Novemba?

Kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Ua jekundu wanalovaa kifuani Waingereza na jamaa zao linatokana na maua yaliyoota kwenye viwanja vya vita vya Ubelgiji na Ufaransa kaskazini.

Kwetu tarehe hiyo ina kasoro. Siku bunduki ziliponyamaza Ulaya, jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Paul von Lettow-Vorbeck, lililojaa askari wa kutoka Tanzania ya leo, lilikuwa bado linasonga mbele katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Liliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi, tarehe 25 Novemba. Wiki mbili nzima zilipita dunia ikishangilia amani huku wapagazi wa Kiafrika wakiwa bado na mizigo kichwani. Kama ningekuwa mwalimu wa historia, ningewaandikia wanafunzi ubaoni tarehe zote mbili.

## Minara na makaburi

Ile Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ni ya nani?

Si ya Kagera, wala si ya uhuru. Iliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918. Mahali pale pale Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, sanamu hiyo iliondolewa. Askari wa shaba ameinama kidogo mbele, singe kwenye mtutu, ameelekea bandarini.

Sogea karibu usome kibao, maana wengi tunapita tu tukikimbilia daladala. Maneno yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sasa zunguka sanamu yote ulitafute jina la askari mmoja au mpagazi mmoja. Hulipati. Ahadi inahusu jina, na jina halipo. Kwa nini halipo, tazama swali la majina huko mbele.

Nairobi na Mombasa kuna minara ya ukoo huo huo, ya miaka hiyo hiyo.

Ni kweli Kariakoo ni jina la vita?

Ni kweli. Jeshi la wapagazi la Waingereza liliitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", na masikio yetu yakalifanya Kariakoo. Kambi yao Dar es Salaam ilikuwa hapo penye soko na mitaa ya sasa. Nairobi kuna Kariokor kwa sababu hiyo hiyo.

Wapagazi walihitajika kwa sababu mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe wa jeshi, na barabara hazikuwapo. Kila risasi, kila gunia la unga, lilipita kichwani mwa mtu. Waliochukuliwa na pande zote wanakadiriwa kufikia milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuwa karibu laki moja, na si risasi iliyowamaliza zaidi bali kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Vijijini nako hakukusalimika. Wagogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917 baada ya majeshi kukomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima.

Nasema haya kwa sababu tunakwenda Kariakoo kununua vitenge na simu, na wengi hatujui kwamba tunalitaja jina la jeshi zima kila siku.

Makaburi ya vita yako wapi?

Ya vita vya dunia yako sehemu nyingi: Dar es Salaam kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Tanga, Moshi, Morogoro, Iringa, na kwa upande wa Kenya kuna Taveta na Nairobi, miongoni mwa mengine. Yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917. Tanga ina uzito wake wa pekee, kwa sababu hapo Novemba 1914 Waingereza walishuka na askari wengi kutoka India wakashindwa vibaya. Wahindi waliokufa pale, mbali kabisa na kwao, nao ni wa kukumbukwa.

Askari wa Tanzania waliokufa katika Vita vya Kagera wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Waliofia Msumbiji wana makaburi Naliendele, Mtwara. Maadhimisho ya kitaifa yamewahi kupelekwa mikoa yote hiyo miwili, na huo ni uamuzi mzuri: kiongozi akisimama kati ya makaburi huongea tofauti na akisimama uwanjani.

Ninaweza kuingia tu, au lazima niombe ruhusa?

Makaburi ya Jumuiya ya Madola yako wazi kwa kila mtu, bure. Msalimie mtunza bustani, mwambie umekuja kutazama, saini kitabu cha wageni kama kipo. Kaboya na maeneo mengine yaliyo chini ya jeshi ni tofauti. Omba ruhusa mapema, na usipige picha mpaka uambiwe unaweza.

Adabu ni ile ile ya makaburi yoyote. Usikae juu ya jiwe. Usiruke kaburi. Usile hapo. Watoto waje, lakini waelezwe kabla ya kuingia, si baada ya kuanza kukimbizana.

Je, inafaa kuweka maua kwenye kaburi la askari Mwislamu?

Wanazuoni hawana kauli moja, na familia pia hutofautiana. Ukiwa mgeni, njia isiyomuudhi mtu ni kusimama kwa heshima na kumwombea. Kwenye mnara wa pamoja, ambako hakuna mtu aliyelala chini yake, shada halina ubishi mwingi. Kama ni kaburi la ndugu wa mtu unayemfahamu, muulize mwenyewe.

Kwa nini askari wa Kizungu wana mawe yenye majina na Waafrika wengi hawana?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, na lina jibu.

Tume ya makaburi ilianzishwa kwa kanuni nzuri: kila aliyekufa atajwe kwa jina, na mawe yawe sawa bila kujali cheo, rangi wala dini. Ufaransa na Ubelgiji kanuni hiyo ilifuatwa sana. Afrika Mashariki haikufuatwa. Maofisa wa wakati ule waliamua kwamba Waafrika watatosheka na mnara wa jumla usio na majina, na makaburi mengi ya wapagazi na askari yakaachwa yamezwe na pori. Orodha za majina ama hazikutunzwa, ama zilikuwapo na hazikutumika.

Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeanza. Januari 2025 ulizinduliwa mnara Cape Town wenye majina ya zaidi ya watu 1,700 wa Afrika Kusini waliohudumu katika vikosi vya kazi wakafa bila kaburi linalojulikana, baadhi yao wakiwa wamefia huku kwetu.

Kwa hiyo mtu akikuambia "haiwezekani, majina yalishapotea", usikubali upesi. Mengine yamo kwenye majalada, na mengine yamo vichwani mwa wazee.

Na minara ya waliopigana dhidi ya wakoloni?

Nenda Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji 67 wa Majimaji, wakawazika katika kaburi moja. Kila mwaka tarehe hiyo Songea hukumbuka, na makumbusho yako hapo hapo. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mnamo 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu na vitukuu wa wapiganaji, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Fuvu la Mkwawa lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na likarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka 35! Anayedai mfu wake anatakiwa awe na subira, lakini asiache kudai.

Lugalo nayo ni kumbukumbu. Hospitali kuu ya jeshi Dar es Salaam ina jina la mahali karibu na Iringa ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891.

## Kumtafuta ndugu aliyekwenda vitani

Babu alikwenda Keya na hakurudi. Nianzie wapi?

Anza nyumbani kabla ya mtandao. Keya ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu, na katika Vita Kuu ya Pili lilikwenda mbali: Ethiopia 1941, Madagaska 1942, Burma 1944. Watu wa umri mkubwa kwenu wanaweza kuwa wanakumbuka jina la mahali, jina la afande, wimbo, au mwaka wa njaa au nzige uliokwenda sambamba na kuondoka kwake. Andika vyote, hata visivyo na maana kwa sasa. Tafuta hati ya kuachishwa jeshi, barua, picha, medali. Namba ya jeshi ni bora kuliko jina, kwa sababu namba haina tahajia.

Kisha ingia kwenye orodha ya majina ya tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola. Ipo mtandaoni na ni bure. Hapo jaribu jina kwa maandishi mengi. Makarani waliandika walichosikia: Saidi anaweza kuwa Said au Sayidi, Mohamedi anaweza kuwa Mahomed. Majina ya kikabila ndiyo yaliyoharibiwa zaidi. Jaribu pia jina la baba yake peke yake, kwa sababu mara nyingi hilo ndilo lililoshika nafasi ya ukoo.

Mwisho, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nenda na tarehe, wilaya na namba kama unayo. Mtu anayefika na "babu yangu alikuwa askari" tu hurudi mikono mitupu.

Tuliambiwa alifia Burma. Kaburi liko huko?

Inawezekana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw wakati wa masika makali ya 1944, ikafika mto Chindwin Desemba mwaka huo. Wengi walizikwa njiani, baadaye wakahamishiwa makaburi makubwa kama Taukkyan, nje ya Yangon. Wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara uliopo hapo hapo, wenye majina karibu 27,000. Majina ya askari wa Keya yamo, yamechongwa. Tofauti na Vita ya Kwanza, hapa juhudi ya kuandika majina ilikuwa kubwa zaidi.

Kuna uwezekano wa pili ambao familia nyingi hazijawahi kuusikia. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika mbili hivi na watu 1,297 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kama simulizi ya kwenu ni "alipanda meli Mombasa na hatukusikia tena", chunguza tarehe hiyo.

Je, mabaki yake yanaweza kurudishwa nyumbani?

Kwa vita vya dunia, hapana. Utaratibu wa tume tangu Vita ya Kwanza ni kwamba askari huzikwa alikofia, tajiri na maskini sawa.

Lakini familia haizuiwi kuweka alama. Wapo waliochonga jina la ndugu aliyepotea kwenye kaburi la mama yake, na wapo waliofanya hitima au ibada ya kumwombea miaka mingi baada ya kifo. Ongeeni kama ukoo, muulizeni kiongozi wenu wa dini, halafu andikeni jina kamili, mahali alikotoka na mwaka alioondoka. Msisubiri muwe na fedha za marumaru. Saruji iliyoandikwa kwa msumari ikiwa bado mbichi inasomeka miaka mingi.

Jina lake halipo popote. Ndiyo basi?

Si basi. Kama alikuwa mpagazi wa Vita ya Kwanza, kutokuwapo kwake kwenye orodha hakumaanishi hakuwapo vitani. Sababu zimeelezwa kwenye swali la mawe yenye majina. Wasiliana na tume ya makaburi, uwape ulichonacho, kwa sababu sasa wanapokea taarifa za watu waliosahaulika. Rekodi sauti ya mzee anayesimulia, ukianza na jina lake, kijiji chake na tarehe ya siku hiyo.

Tumekuta medali sandukuni. Tutajuaje ni ya nani, na tuisafishe?

Tazama ukingoni au mgongoni. Medali za Kiingereza za Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida zilichongwa namba, cheo, jina na kikosi. Za Vita ya Pili walizopewa askari wa Keya zilitolewa bila jina, kwa hiyo usidhani ni bandia kwa sababu iko tupu. Nyota yenye ncha sita na utepe wenye mstari mpana mwekundu katikati, buluu iliyokoza pembeni iliyopitiwa na mistari ya rangi ya chungwa, ni ya Burma.

Usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Ifute kwa kitambaa kikavu, ifunge kwenye karatasi laini, iandikie kikaratasi cha historia na uviweke pamoja. Kuuza ni uamuzi wenu, lakini jueni kwamba medali isiyo na jina ikitoka nje ya ukoo inakuwa kipande cha chuma tu. Kilichoifanya kuwa ya babu ni ninyi mnaojua ilitoka wapi.

## Waliorudi wakiwa hai

Jirani yetu alipigana Kagera. Nimuulize nini, nisimuulize nini?

Shikamoo kwanza, na kiti. Usianze na "uliua wangapi?" Hilo ni swali ambalo watoto huuliza kwa kutojua, na watu wazima hulirudia bila huruma. Muulize aliondoka nyumbani siku gani, nani alimsindikiza, walikula nini njiani, rafiki yake mkubwa kikosini alikuwa nani. Hilo la rafiki litafungua mlango, na huenda likamnyamazisha. Akinyamaza, nyamaza naye. Usijaze ukimya kwa pole nyingi.

Wengine hushtuka mlango ukibamizwa, hawalali vizuri, hukasirika haraka. Hiyo si tabia mbaya wala si pepo, ni jeraha. Fataki za mwaka mpya zinaweza kumtesa mzee aliyelala mahandakini, kwa hiyo mpe taarifa mapema.

Tunaweza kuwasaidiaje, tofauti na kuwapigia makofi mara moja kwa mwaka?

Mambo madogo yenye tarehe. Mtu wa kumpeleka kliniki siku yake ikifika. Mtu wa kumfuatilia faili la pensheni, kwa sababu makaratasi humchosha mzee kuliko gwaride. Mjane wa askari asiachwe kushughulikia mirathi peke yake. Kama ana vyama vya wastaafu wenzake karibu, msaidie kufika mikutanoni: watu wanaoelewa bila kuelezwa wako huko.

Askari wa zamani wa wakoloni walilipwa haki zao?

Mwisho wa Vita ya Pili malipo ya kuachishwa jeshi yalipangwa kwa cheo na kwa rangi. Mwafrika alipata takriban theluthi ya alichopata Mzungu wa cheo sawa katika majeshi hayo hayo ya makoloni. Neno la kulitaja hilo ni dhuluma.

Askari wa Mjerumani walisubiri zaidi. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliobaki hai. Husimuliwa kwamba malipo yalipofanyika Mwanza wazee wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha, basi kila mmoja akapewa fagio, akaamrishwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna aliyekosea. Watu huisimulia kwa kicheko. Mimi huwaona wazee wenye miaka zaidi ya sitini wakishika fagio begani ili kudai walichostahili miaka 46 nyuma.

## Maswali magumu

Babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Namkumbukaje bila kuwatukana waliouawa katika Majimaji?

Kwa kusema yote mawili. Askari wale walitumiwa kuwakandamiza Waafrika wenzao, vijiji vilichomwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hilo halifichwi. Wakati huo huo babu yako alikuwa mtu: pengine alichukuliwa akiwa kijana, pengine alifuata mshahara, na mke wake huenda alitembea naye safari nzima ya vita akibeba mtoto na chungu, maana familia za askari zilifuatana na jeshi. Wanawake hao hawamo kwenye mnara wowote.

Kumkumbuka si lazima umwite shujaa. Sema alikuwa nani, alifanya nini, aliishia wapi. Wakiwapo wajukuu wa upande wa pili, wape nafasi nao waseme yao.

Kukumbuka askari si kusifu vita?

Inategemea unachokisema. Ukitaja ushindi tu, ndiyo, unasifu vita. Ukitaja majina, umri, kuhara damu na barua ambazo hazikufika, hakuna kijana atakayetoka hapo akitamani vita.

Walinda amani waliofia nje nao ni mashujaa wa vita?

Ndiyo. Tarehe 13 Julai 2013 Watanzania saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na wengine kumi na wanne waliripotiwa kuuawa papo hapo. Umoja wa Mataifa huwakumbuka walinda amani kila 29 Mei, na waliokufa kazini hupewa medali yenye jina la Dag Hammarskjöld. Wazazi wengi wa vijana hao wako hai. Kwao haya bado hayajawa historia.

Aliyefia kambini kwa malaria au ajali ya gari anahesabiwa?

Anahesabiwa. Ukiwaondoa waliokufa kwa maradhi, utakuwa umewafuta karibu wapagazi wote.

Shule yetu inataka kufanya kumbukumbu. Tufanye nini ndani ya saa moja?

Wiki mbili kabla, kila mwanafunzi aulize nyumbani: nani katika ukoo wetu aliwahi kuwa askari, mgambo au mpagazi? Alete jina kamili na jambo moja linalokumbukwa juu yake. Mgeni wa heshima awe mkongwe wa mtaani, akae kivulini, apewe maji, na asilazimishwe kuhutubia.

Siku yenyewe, majina yasomwe moja moja na mwanafunzi aliyelileta, polepole, bila muziki chini yake. Kisha dakika moja ya ukimya. Dakika kamili, mwalimu akishika saa, kwa sababu watoto wakiachwa huishia sekunde ishirini. Karatasi za majina zibandikwe kwenye daftari moja litakaloitwa daftari la shule, na mwaka unaofuata waanze kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza.